Chambo cha Fwani

NASAHA ZA JUMAMOSI
Na Rajabu Makokha

Wapo wavuvi wengi katika kaunti yetu ya Kakamega, hasa pande za Mumias na Matungu, waketio ukingoni mwa Nzoia tangu alfajiri na kurejea magharibi mikono mitupu, wakaulaumu mto au nyota yao, ilhali kosa limo katika kile walichokichomeka ndoanani. Kwani wamechukua chambo kilichokuwa karibu na mkono, bila kujiuliza samaki wamtafutaye hula nini, na hukila namna gani.

Tumtazame fwani, kwa jina tulilolipokea kwa jirani zetu Wajaluo. Huyu ni wa ukoo mmoja na karpi, yule mgeni aliyeenea katika Ziwa Naivasha mwanzoni mwa karne hii, na tabia za ukoo huo ni dhahiri mwilini mwake: ana jozi mbili za sharubu za kuonjea chini ya maji, meno yake hayamo kinywani bali kooni, wala hana mfuko wa tumbo wa kuwekea akiba, na kwa sababu hiyo huokota kidogo kidogo kutwa nzima. Kiumbe wa namna hii huonja kwanza ndipo ameze, na asichokiridhia hukitema kabla mvuvi hajahisi mshipi kutikisika.

Masika yanapoufanya mto uwe rangi ya udongo, jicho la samaki halina kazi kubwa, na harufu ndiyo imwongozayo. Wakati huo sioni kinachomshinda nyungunyungu aliyetoka kwenye samadi, akakatwa vipande ili utomvu wake utawanyike majini. Kumbikumbi nao, wanaporuka baada ya mvua za kwanza na kuanguka mtoni kwa wingi, ni chambo bora kwa siku zile chache, maana samaki amekwisha kuwazoea.

Kiangazi kina adabu nyingine. Maji yakitakata, tumia ndoana ndogo na mshipi mwembamba, na chambo kiwe donge la ugali mgumu lisilozidi ncha ya kidole, lililokandwa kwa molasi au sukari guru, vitu ambavyo nchi ya miwa kama hii yetu haivikosi. Mahindi pia yafaa, lakini yalowekwe usiku kucha, kisha yachemshwe hata yapasuke. Mwingereza Izaak Walton, katika kitabu chake cha mwaka 1653, aliwapendekezea wavuvi wa karpi madonge matamu ya asali na sukari, na nadhani angeionea wivu molasi yetu. Kabla ya kutega, tupa majini chembe chache za chakula kile kile. Chache, nasema, kwa sababu samaki aliyeshiba hana haja na ndoana yako.

Ama ningu, naye wa ukoo huo huo, usijisumbue kumtafutia chambo. Kinywa chake kimeelekea chini, na riziki yake ni ukungu wa mimea na mashapo akwanguayo maweni. Huyu hukamatwa kwa nyavu na mitego anapopanda mito wakati wa mvua ili akatage, na mtaalamu Cadwalladr alikwisha kueleza mwaka 1965 jinsi nyavu zilizotandwa kwenye midomo ya mito zilivyomdhoofisha katika Ziwa Victoria. Msiba huo unaniuma, na unaniuma zaidi ninapowafikiria wale wamwagao dawa za mashambani mtoni, wakaua mzazi na kizazi kwa mara moja, kwa ajili ya kitoweo cha jioni moja. Mwenye ndoana humchukua mmoja, na akiwa ni mchanga aweza kumrudisha akiwa hai.

Kwa hiyo nawaomba maafisa wa uvuvi wa kaunti, wanapowafundisha vijana kuchimba mabwawa na kufuga sato na kambale, wawatengee pia siku ya kuketi mtoni kwa ndoana na donge la ugali, kabla masika ya Machi hayajaingia na ningu hawajaanza kupanda.