Kazi ya kufafanua sheria Kisumu, nani atailipa?

Ukiona tangazo la 'afisa wa uchapishaji na mawasiliano' katika shirika la elimu ya uraia, usidhani ni kazi ya kupiga picha za warsha na kuzirusha Facebook. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, bana. Kazi yenyewe ni kushika mswada mnene ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kisha utoe ukurasa mmoja ambao mama wa omena pale Dunga atausoma akisubiri wateja na kujua kama ada yake inapanda au la. Uuandike kwa Kiswahili, halafu kwa Kidholuo, na usipotoshe hata tarakimu moja.

Thamani ya kazi hii tuliiona Juni 2024. Vijana waliukatakata Mswada wa Fedha vipande vidogo TikTok na X, wengi wao bila kulipwa hata shilingi. Siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, yaani Juni 26, Rais William Ruto akasema hatautia saini.

Lakini huwezi kulipa nyumba Manyatta kwa moyo wa kujitolea. Kwa miaka mingi mishahara ya kazi hizi imetegemea sana wafadhili wa ng'ambo. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi, waziri wake Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Mfadhili akipiga chafya, huku ziwani sisi ndio tunaougua, na uchaguzi wa Agosti 2027 hautusubiri.

Sasa sikiliza hii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 100, inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa elimu ya uraia na kitengo cha kuuendesha. Si hisani ya gavana, ni sheria. Kisumu ina wadi 35. Hesabu mwenyewe vijana wangapi wangepata kazi kama kila wadi ingekuwa na mtu mmoja tu wa kuwafafanulia watu bajeti.

Utaniuliza: kaunti ikilipa, si huyo kijana atageuka mpiga debe wa gavana? Swali zuri. Ila hata pesa za mfadhili zina kamba yake: ripoti inayong'aa, Kiingereza safi, inasomwa ng'ambo huku Nyalenda haijulikani. Anayelipa huvutia kwake. Dawa ni kuangalia kazi inamfikia nani. Msomaji wa kwanza akiwa ni mwananchi, hapo ni elimu. Akiwa ni bosi, hiyo ni matangazo tu.

Kwa hivyo ukiitamani kazi hii, usingoje tangazo. Hata sisi tulioacha chuo njiani tunaweza kuanza, maana kinachoonekana hapa ni ulichoandika. Kufikia Aprili 30 kila mwaka, makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kuwa mbele ya bunge la kaunti. Yatafute, uangalie elimu ya uraia imetengewa ngapi. Ukinyimwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili ukitaka, na ofisi ina siku 21 za kukujibu.

Kisha andika ulichopata, ukurasa mmoja, upeleke Kibuye na Kondele. Utakuwa na sampuli ya kumwonyesha mwajiri. Na kama kaunti haijatenga kitu, hiyo ndiyo habari yako ya kwanza.