Tazameni na nyayo
Baka la kuzaliwa au kidoa cheusi shavuni kwa kawaida hakina neno. Wengi wetu tunavyo tangu utotoni na tutazikwa navyo. Kinachoniuma ni imani kwamba saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino peke yao. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kidonda ambacho kilidhaniwa ni cha mpira tu. Akafariki Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kwetu sisi weusi, ugonjwa huu hupenda kujificha pasipochomwa na jua: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Na nani huutazama unyayo wake? Mama anasugua kisigino kwa jiwe kila jioni, doa linatanuka, kingo hazilingani, weusi umechanganyika na kahawia, naye anasema alikanyaga mwiba. Mstari mweusi kwenye ukucha mara nyingi hauna ubaya, lakini ukizidi kupanuka na kuingia kwenye ngozi ya pembeni, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, umwombe daktari akate kipande kikapimwe maabara. Likiwahiwa kabla halijazama ndani, mara nyingi doa hukatwa na mtu akapona.