Sanduku jekundu halikopeshwi

Juma hili tunazungumza juu ya njia ya kutokea.

Mzamiaji anayeingia katika mapango ya maji hugawa hewa yake mara tatu: sehemu ya kwenda, sehemu ya kurudi, na ya tatu haiguswi ila kwa hatari. Daktari mpasuaji naye, akiona mgonjwa anapoteza damu nyingi mno, hamalizi kazi yote siku hiyo. Anazuia damu, anamwacha apate nguvu, kisha anarudi kumalizia. Mipango hiyo hupangwa mapema, kichwa kikiwa kimetulia.

Na pesa? Tunakumbuka mwaka 2016, benki ya BIAC ilipoweka kikomo kwa pesa ambazo wateja wangeweza kutoa. Aliyeweka akiba yote mahali pamoja alibanwa.

Katika MUSO zetu dawa ipo. Sanduku la kijani ni la mikopo. Jekundu ni la ugonjwa, uzazi na msiba. Lakini biashara ikichangamka sokoni, tunashawishika kukopesha hata la jekundu. Halafu mwenzetu wa Lubunga anashikwa na uchungu usiku, anatumwa hospitali ya ng'ambo, mto wa kuvuka uko mbele yake, na sanduku ni tupu.

Kwa hiyo, mkutano ujao tuandike mambo matatu: kiasi kisichoguswa, nani anashika funguo, na nani anaweza kuamua usiku bila kungoja kikao.

Mkopo unaweza kungoja. Damu haingoji.