Si Kila Kidole Kilichovimba Kina Funza

Hapa Sironga, Nyamira, mbwa akianza kuchechemea, watu hawahangaiki naye. Mmoja atasema ni funza, mwingine atasema ni mwiba, na wa tatu atawaambia wote wamwache, atajilamba apone. Kisha kila mtu anarudi kwenye chai yake. Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni na nimeyasema mwenyewe. Leo nayapinga kwa nguvu zote nilizo nazo, kwa sababu yanawaua mbwa wanaotulinda usiku.

Mbwa wetu anaitwa Simba. Ni mweusi tii, kifua kipana, na baba yake alikuwa Rottweiler wa mtu mmoja wa Kisii mjini. Alipofika miaka 8, kidole kimoja cha mguu wa mbele wa kushoto kilivimba. Mama alitia pini kwenye moto wa jiko, kijana wa jirani akamshika mbwa kichwa, mimi nikamulika tochi. Mama alichokonoa kuzunguka ukucha akitafuta kile kidoa cheusi na mfuko mweupe wa mayai ambao kila mtu aliyekulia kwenye vumbi la huku anaujua. Hakuuona. Ilitoka damu nzito yenye harufu. Tukamimina parafini, Simba akalia mpaka watoto wakakimbia.

Baada ya wiki chache ukucha ulitoka wenyewe. Chini yake palikuwa na nyama nyekundu yenye mabonge madogomadogo, ukiigusa tu inavuja damu. Usiku nilimsikia chini ya dirisha akiilamba, ulimi ukisugua bila kupumzika. Tukasema anajitibu. Tulisema hivyo kwa miezi minne.

Sasa tumpime huyo funza tunayemsingizia. Ni mdudu mwenye historia na mwenye muda wake. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimshusha Angola, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshafika upande wetu wa mashariki. Jike lake huingia mwilini likiwa na ukubwa wa milimita moja tu, likavimba hadi kukaribia sentimita moja ndani ya wiki mbili hivi, likamwaga mayai, na kati ya wiki ya nne na ya sita likafa papo hapo. Kwa mbwa, funza mara nyingi huwa wengi, kwenye nyayo na katikati ya vidole. Kwa hiyo kidole kimoja kinachovimba mwezi wa kwanza, kikazidi mwezi wa pili, kikatupa ukucha mwezi wa tatu, hakina funza. Mwenye kalenda ukutani angeweza kulijua hilo. Sisi tulikuwa nayo, tena ya kiwanda cha chai, na hatukuitazama.

Imani ya ulimi ni ngumu zaidi kuing'oa, maana imeegemea kanisani. Eneo letu ni la watu wa Sabato, na kila ninapolizungumza jambo hili mzee mmoja hunikumbusha Lazaro na mbwa waliomlamba vidonda. Naiheshimu habari ile, na ndiyo maana namwomba mzee aisome mpaka mwisho: Lazaro hakupona, alikufa. Ni kweli mate ya mbwa huua aina fulani za bakteria. Lakini mbwa anayelamba kidole kimoja usiku kucha anakwambia kwamba kidole hicho kinamuuma. Na kama kilichomo ni saratani, hakuna kijidudu cha kuuawa na mate. Ni seli za mwili wake mwenyewe zilizokataa kuacha kuongezeka. Ulimi hauzifikii. Kazi yake hapo ni kuchubua ngozi na kuingiza uchafu.

Ndiyo, mbwa hupata saratani ya kidole. Inayoongoza ni saratani ya ngozi inayoanzia chini ya ukucha, ambayo hutafuna mfupa wa ncha ya kidole kabla ya mtu kuona lolote la kutisha kwa nje. Inayofuata ni melanoma, ile ya seli zinazotengeneza rangi, na hii ni hatari zaidi kwa sababu ina haraka ya kufika kwenye tezi na mapafu. Zote mbili huwapata zaidi mbwa wenye umri mkubwa, miaka 8, 9, 10, yaani umri uleule ambao sisi tunasema mbwa amezeeka, aachwe apumzike.

Na hapa nafika kwenye kosa linaloniudhi kuliko yote: kusema mbwa ni mbwa. Sisi watu wa Nyamira ndio wa kusema hivyo? Mkulima anayepeleka majani ya chai kiwanda cha Kebirigo anajua kwamba mche wa TRFK 6/8 si sawa na mche wa mbegu aliouacha babu yake, na atakueleza tofauti bila kusoma popote. Akimwita daktari kupandisha ng'ombe, anauliza fahali ni Friesian au Ayrshire, anauliza maziwa, anauliza kiwele. Kwenye chai na ng'ombe tunajua vizuri kwamba mbegu hubeba nguvu na hubeba udhaifu. Ikija zamu ya mbwa tunauliza kitu kimoja tu: ni mkali?

Na tukiuliza rangi, tunataka mweusi. Mweusi haonekani gizani, mweusi anatisha wezi, mweusi ni imara. Hilo la uimara ndilo naliita uongo mbele ya kila mtu. Kwa saratani ya chini ya ukucha, walio hatarini zaidi ni mbwa wakubwa wenye manyoya meusi: Schnauzer mkubwa, Poodle mkubwa mweusi, Gordon Setter, Briard, Labrador mweusi, na huyo Rottweiler ambaye watu wetu wanamlipia pesa nyingi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliochunguza Poodle wakubwa walionyesha kwamba kipande cha DNA karibu na jeni iitwayo KITLG, jeni inayohusika na rangi, kimejirudia mara nyingi zaidi kwa mbwa waliougua. Poodle weusi ndio waliokuwa hatarini. Poodle wa rangi nyepesi, wa mbegu ileile, karibu hawaugui. Rangi ile ile tunayoilipia zaidi ndiyo iliyofuatana na ugonjwa.

Sisemi watu waache kufuga mbwa weusi. Nampenda wangu kuliko ninavyoweza kuandika. Nasema aliyenunua damu ya Rottweiler amenunua pamoja nayo wajibu wa kutazama vidole.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia sokoni: daktari ni wa ng'ombe, nani atamlipa aje kuangalia mbwa? Pesa ni ngumu, sitabisha. Lakini daktari huyohuyo hupita na pikipiki yake karibu kila wiki kupandisha ng'ombe. Siku aliyokuja kwetu kwa ng'ombe, nilimwomba amwangalie Simba kabla hajaondoka. Alimshika mguu, akakibonyeza kidole, akanyamaza kidogo. Akaniuliza uvimbe una muda gani. Nilipomwambia, alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka. Alirudi kesho yake, akamlaza kwa dawa kwenye meza ya mbao chini ya mwavokado na kukikata kidole chote. Alinionyesha mfupa wa ncha: ulikuwa umelika kama punje ya mahindi iliyoingiwa na fukusi. Kidole kilitiwa kwenye chupa ya fomalini kikapelekwa maabara Kabete. Majibu yalisema ni saratani ya ngozi ya chini ya ukucha, ile isiyo na haraka ya kusambaa. Tulikuwa na bahati. Ingekuwa melanoma, miezi yetu minne ya parafini ingemmaliza.

Mama alihofia kwamba mbwa wa vidole pungufu hatafaa kitu. Baada ya wiki mbili Simba alikuwa anawafukuza nyani kwenye mahindi ya upande wa kinamasi. Mbwa hukanyagia vidole vinne kila mguu, na akiondolewa kimoja vilivyobaki hubeba mzigo.

Daktari alituachia onyo moja: mbwa weusi wakubwa wa aina hii wanaweza kuugua tena, kwenye kidole kingine, hata mguu mwingine, baada ya mwaka au miaka. Kwa hiyo kila Jumapili jioni, baada ya kukamua, namlaza Simba mlangoni na kuhesabu. Mbwa mzima wa kawaida ana vidole 18. Natenganisha kimoja kimoja, nanusa, nabonyeza kwenye shina la ukucha, naangalia kama anavuta mguu. Wiki mbili zilizopita nilipofika cha 11 nilikuta ukucha una ufa na damu kidogo. Nilipiga simu palepale. Daktari alikuja Jumanne, akautazama kwa mwanga, akasema umevunjwa na jiwe tu, akaukata na kuondoka. Nililipa mafuta ya pikipiki yake. Jumapili iliyofuata nilihesabu tena, nikafika 17.