Koti la Baba la Kuendea Ziwani

Marobota ya mitumba yanapofunguliwa pale Mlango Mmoja, Mwanza, mara nyingi hutoka makoti ya rangi kali, yenye zipu nyingi na kofia kubwa. Yalishonwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoteleza kwa mbao juu ya theluji. Sisi wa Bujora theluji hatuna, lakini wapo waume na vijana wetu wanaoshuka Igombe na Kayenze kuvua dagaa usiku, na koti la namna hii linawafaa sana.

Ziwa letu liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, ukakusanya mawingu ya radi huko ziwani wakati sisi tumelala. Maji huondoa joto mwilini mara nyingi zaidi kuliko hewa kavu. Mvuvi aliyelowa akakaa kwenye upepo hadi alfajiri, vidole hufa ganzi na akili huwa nzito, hata kamba ikamshinda kushika.

Tuanze na nguo ya ndani. Fulana ya pamba ikilowa jasho la kuvuta nyavu haikauki, humgandia mwilini. Afadhali fulana ya polista, zile za wacheza mpira. Juu yake sweta la sufu, kwa kuwa sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Koti ndilo la mwisho, la kuzuia mvua na upepo.

Unapolichagua, lipindue kwanza. Mishono iwe imefunikwa kwa utepe, na utando wa ndani usiwe unabanduka kama ngozi iliyoungua. Ukibanduka, liache hata likiwa bei ya bure. Kisha dondoshea begani maji ya kiganjani, uone kama yanaviringika au yananywewa. Lililojazwa manyoya ya bata usilichukue, maana yakilowa hugandamana na joto lote huondoka. Ndani ya kiuno utakuta kitambaa chenye mpira. Wengine hukikata wakidhani ni pambo! Kazi yake ni kuzuia theluji isiingie, na huku kwetu kitazuia upepo na maji ya mawimbi. Rangi nyekundu au ya machungwa ni bora kuliko nyeusi, kwa sababu mtu akianguka majini ataonekana upesi.

Liwe la kumtosha akiwa na sweta ndani, lakini lisiwe zito. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa juu ya koti, wala si chini yake, ili lifungwe barabara na lionekane. Na kama fedha iliyopo ni ya kitu kimoja tu, sisi tunasema jaketi hilo linunuliwe kwanza, koti lingoje mavuno mengine. Baba akinung'unika kuhusu baridi, mwongezee sweta.

Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika, ndizo za kulifua. Tumia sabuni kidogo, usilikamue kwa nguvu, na ulisuuze mara tatu, kwani mabaki ya sabuni hukifanya kitambaa kinywe maji. Lianike kivulini. Likikauka, lijaribu tena kwa maji ya kiganjani kabla ya usiku wa giza kurudi.