Punda Mzee Naye Ana Haki Yake

Wahenga wetu walisema mengi kuhusu punda, na machache mno kati ya hayo ni ya kumsifu. "Fadhila za punda ni mateke," walinena. Tena wakasema, "Afe punda, mzigo ufike." Sisi walimu wa lugha huzisomesha methali hizi mwaka nenda mwaka rudi, tukaeleza maana ya nje na maana ya ndani, tukasahihisha madaftari, yakaisha. Ni nadra kuuliza swali lililo wazi: kati ya punda na binadamu, ni nani aliyemfadhili mwenzake?

Jibu la swali hilo linaonekana kila asubuhi huku Longonot. Mlima wenyewe una kimo cha mita 2,776, na ardhi iliyouzunguka ni jivu la volkeno linalofyonza maji ya mvua kabla hayajatuama. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa nayo yana floridi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto wetu madoa ya kahawia. Kwa hiyo maji yafaayo kunywewa hayana budi kuletwa kutoka mbali, na aghalabu anayeyaleta ni punda. Mitungi kumi ya lita 20 ni kilo 200, bila kuhesabu uzito wa mkokoteni. Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa hapa Longonot, Kenya ikaanza kuzungumza na ulimwengu kupitia angani. Lakini maji ya chai ya jirani zake yaliendelea kusafiri kwa kwato nne.

Hebu sasa tumtazame mnyama huyu anapozeeka. Punda aliyetunzwa vyema anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Wengi wa punda wa mikokoteni hawafiki huko, na si kwa sababu Mungu amewapunguzia siku. Mara nyingi chanzo ni kinywa. Meno ya punda, sawa na ya farasi, huendelea kuchomoza kutoka ufizini kadiri yanavyolika kwa kutafuna, hata uzeeni yakawa hayana tena cha kuchomoza. Mengine hulika upande mmoja na kuacha ncha kali zinazoukata ulimi na mashavu. Hapo utamwona punda akitafuna kwa muda mrefu, kisha akaangusha vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu. Mwenyewe husema, "Huyu amekuwa mvivu, hata kula hataki." Kumbe kula anataka, uwezo ndio hana.

Dawa yake si ghali kama inavyodhaniwa. Daktari wa mifugo akiyapiga tupa meno hayo, maumivu hupungua. Nyasi na mabua ya mahindi yakatwekatwe vipande vifupi. Pumba ilowekwe maji hadi iwe kama uji, apewe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Asirundikiwe nafaka kwa kisingizio cha kumnenepesha, kwani nafaka nyingi humletea msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki sita hadi nane, dawa ya minyoo isisahauliwe, na pawepo banda la kumkinga na mvua na baridi ya usiku, maana manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Tena asitenganishwe ovyo na mwenzake aliyemzoea. Punda mwenye huzuni huweza kususia chakula, na akisusia, mafuta ya mwili wake humiminika katika damu na kuliharibu ini. Punda asiyekula kwa siku nzima ni mgonjwa wa kupelekewa daktari siku hiyo hiyo.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo lina uzito. Mwenye mkokoteni ni maskini. Karo inamsubiri, kodi inamsubiri. Amlisheje mnyama asiyeleta shilingi? Walio na farasi kandokando ya Ziwa Naivasha wanaweza kumstaafisha farasi wao malishoni. Yeye hana malisho wala pensheni yake mwenyewe. Jambo hili halijibiwi kwa mahubiri. Hata hivyo, kati ya kumtumikisha punda hadi aanguke na kumkalisha bure ipo njia ya tatu: kumpunguzia mitungi, kumpumzisha siku kadhaa za juma, na wenye mikokoteni kuchanga pamoja katika chama ili kumlipa daktari wa wote. Na ikiwa maumivu yamepita kiasi cha kutibika, mauti ya haraka mkononi mwa daktari ni huruma. Kumfukuza akafie barabarani si huruma. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayozuia ukatili dhidi ya wanyama, inahesabu kuwa kosa kumbebesha mnyama kupita kiasi, na pia kumtelekeza katika hali itakayomtesa.

Ilipofika mwaka 2016, njia nyingine ilifunguliwa, nayo ilikuwa nyepesi mno. Machinjio ya punda yalianzishwa Naivasha na Mogotio, ngozi zikawa zinapelekwa China kutengenezea dawa ya jadi iitwayo ejiao. Ghafla punda mzee akawa na bei, na punda kijana akawa na mwizi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaazimia kusitisha kote barani uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Wanawake waliopotezea punda wao katika kipindi hicho walirudi kubeba mitungi kwa migongo yao. Ndipo wengi walipoijua thamani ya mnyama waliyekuwa wakimwita mjinga.

Mimi ni mtu wa isimu, nami naona jambo moja la kutufikirisha. Sarufi ya Kiswahili haimbagui punda. Twasema "mwalimu amechoka", na twasema "punda amechoka". Upatanisho ni ule ule, wa viumbe vyenye uhai. Mzigo haukupewa hadhi hiyo: mzigo umefika, mkokoteni umevunjika. Lakini katika methali tumeugeuza mpango huo, tukamwombea mauti mwenye roho ili kisicho na roho kifike salama.

Sisemi methali zifutwe. Methali ni hazina, hata zile zinazotuaibisha. Nasema zifundishwe kwa macho wazi. Mwalimu anayetafuta mada ya insha juma hili asiende mbali. Awatume wanafunzi wake kwa wenye mikokoteni wakaulize: punda wako ana umri gani, meno yake yalitazamwa lini, na akishindwa kuvuta utamfanyia nini? Majibu watakayorudi nayo yatawafundisha maana ya neno fadhila kuliko kamusi yoyote.