Sadaka Isitiri, Isianike

Wazee wetu wa Mwambao waliweka wakfu visima, maduka na mashamba ya minazi. Mpangaji hulipa kodi, msimamizi akaigawa, na fukara akala fungu lake. Aliyetoa keshalala kaburini zamani. Hawezi kumsimbulia mtu. Hiyo ndiyo hekima ya wakfu, na naona ndiyo inayotutoka siku hizi.

Tutazame ya wenzetu. Mwaka 1601 Uingereza ilitunga sheria ya kila parokia kutoza kodi ili itunze maskini wake. Jambo jema. Lakini mwaka 1697 likaja sharti kwamba anayepokea avae begani herufi P, ya mwanzo wa neno lao la fukara, apate kujulikana. Ilipofika 1834 wakaelekezwa kwenye nyumba za kazi, ambako mume alitengwa na mkewe. Msaada ukawa adhabu.

Leo hatuna P begani, bali tuna kamera. Ifikapo Ramadhani, mjane hupewa mfuko wa unga na paketi ya tende, akaambiwa aushike vizuri apigwe picha. Kabla ya magharibi mtaa mzima umekwisha kumwona katika simu. Jee, hiyo si herufi ile ile? Chuoni tulisomeshwa kuwa masimbulizi huibatilisha sadaka, na kwamba yuko fukara asiyeomba, hata asiyemjua humdhani tajiri. Huyo haji mbele ya kamera. Atalala na njaa.

Ama kwa upande wa Serikali, mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii uliwafungulia mlango wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni chache, na zimewahi kuchelewa kwa miezi. Hata hivyo zina sifa moja kubwa: mzee huzichukua kama haki yake, si hisani ya mtu. Mwanasiasa anayezitaja jukwaani kana kwamba zimetoka mfukoni mwake anamrudishia mzee yule P begani.

Wenye jumuiya watasema picha ni ushahidi kwa wafadhili. La hasha! Ushahidi ni daftari, risiti na mkaguzi. Hesabu na zibandikwe ukutani msikitini, kila mtu azisome. Uso wa maskini usitiriwe.